Taasisi zetu zijenge zenyewe taswira za kontena za seva zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta peke yao, ilhali matokeo yake humfikia mgonjwa aliye kwenye foleni ya mapokezi, mwanafunzi anayesubiri matokeo yake na mlipakodi anayetafuta namba ya malipo. Hospitali, vyuo na halmashauri zinazoendesha programu zao za mtandao ndani ya makontena zinapaswa kujenga zenyewe taswira za makontena hayo, na maelekezo ya ujenzi wake yawe mali yao. Hali ilivyo sasa, taasisi nyingi hupakua taswira iliyotengenezwa na mtu wasiyemfahamu, au hupokea kutoka kwa mkandarasi furushi lililofungwa ambalo hakuna mtumishi hata mmoja anayejua kilichomo ndani yake. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na anayelipa gharama ni mwananchi.

Kwa msomaji asiyeifahamu kazi hii, kontena ni njia ya kuendesha programu ikiwa imetengwa na programu nyingine zilizomo kwenye seva hiyohiyo, huku zote zikitumia keneli moja, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya Linux. Taswira ni mkusanyiko wa mafaili ambao kontena huanzishwa kutokana nao: mfumo endeshi uliopunguzwa, Java (mazingira ya kuendesha programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo), seva ya programu kama Tomcat, programu ya taasisi yenyewe na mipangilio yake. Docker, zana ya kujenga na kuendesha makontena, ambayo Solomon Hykes aliionyesha hadharani mwezi Machi 2013, ndiyo iliyoueneza utaratibu huu, na tangu 2015 viwango vyake vinasimamiwa kwa uwazi na Open Container Initiative, hivyo taswira iliyojengwa kwa zana moja huendeshwa na zana nyingine bila tabu. Hujengwa kwa kufuata faili fupi la maandishi liitwalo Dockerfile, linaloeleza hatua kwa hatua: anzia na msingi huu, ongeza hiki, nakili kile, endesha kwa jina la mtumiaji huyu. Faili hilo ndilo ninalolipigania katika barua hii.

Natumia mfano wa Tomcat kwa sababu seva hiyo, iliyotoka kampuni ya Sun Microsystems ikakabidhiwa kwa shirika la programu huria la Apache mwaka 1999, imebeba sehemu kubwa ya kazi za afya katika ukanda wetu. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, unaoendelezwa Chuo Kikuu cha Oslo, Kenya ilianza kuutumia nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011, na Tanzania ikaufikisha nchi nzima mwaka 2013. OpenMRS, mfumo wa majalada ya wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Yote miwili imeandikwa kwa Java na kwa kawaida huendeshwa juu ya Tomcat. Wenye miradi hiyo hutoa taswira zao rasmi, na Tomcat yenyewe ina taswira yake rasmi kwenye ghala la Docker Hub. Sina ugomvi na taswira hizo, kwani ni msingi mzuri kabisa wa kuanzia. Ninachokipinga ni kuzichukua kama zilivyo na kuzitwika kazi ya hospitali ya wilaya.

Nianze na suala la saa. Taswira rasmi ya Tomcat, kama zilivyo nyingine nyingi, hufuata majira ya kimataifa ya UTC, ambayo yako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mchana hakuna anayeliona tatizo, maana tarehe ni ileile. Lakini mama mjamzito akipokelewa wodi ya wazazi saa nane usiku, tarehe 1 Julai ikiwa imekwisha kuingia, programu inayofuata saa ya kontena humwandika kuwa amefika saa tano usiku wa tarehe 30 Juni. Mwezi umebadilika, robo mwaka imebadilika, na kwa Tanzania hata mwaka wa fedha umebadilika, kwa kuwa mwaka wetu wa fedha huanza siku hiyo. Daftari la wodi linasema Julai, ripoti inasema Juni, na mtunza takwimu wa wilaya anatumwa kwenda kutafuta uzazi mmoja usioonekana. Dawa yake ni mstari mmoja katika Dockerfile, unaotaja Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi kuwa majira ya kontena. Na kwa taswira zilizojengwa juu ya Alpine, aina ndogo ya Linux, uongezwe mstari wa pili unaoongeza data za majira ili amri za mfumo endeshi nazo ziyatambue. Mtengenezaji wa taswira aliyeko Ulaya au Marekani hana sababu ya kuikumbuka mistari hiyo, wala hatuna haki ya kumlaumu. Kazi hiyo ni yetu.

Mambo ya namna hiyo ni mengi, na yote huonekana madogo mpaka siku yanapouma. Taswira nyingi zilizopunguzwa ukubwa hazina fonti hata moja, wala maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu huutumia) ya fontconfig ambayo Java huitegemea inapochora maandishi. Programu itawaka, ukurasa wa kuingilia utafunguka, watumishi watajaza taarifa zao wiki nzima, kisha siku ya kuchapa ripoti ya PDF kwa ajili ya kikao cha menejimenti mfumo utatapika kosa refu la Java ambalo mtumiaji hawezi kulielewa. Memori nayo ina mtego wake. Kabla ya toleo la 10 na marekebisho yaliyorudishwa kwenye toleo la 8, Java ndani ya kontena ilikuwa ikiitazama memori ya seva nzima, inajipimia kupita kiasi, na keneli inaiua bila onyo. Matoleo ya sasa yanautambua ukomo wa kontena, lakini yasipoelekezwa huchukua robo tu ya ukomo huo kwa ajili ya data za programu. Kontena lililopewa gigabaiti 4 linabaki kuhangaika na gigabaiti 1, huku mkuu wa kitengo akiandika dokezo la kuomba seva mpya. Mpangilio wa MaxRAMPercentage, unaoiambia Java ichukue asilimia ngapi ya memori, ukiandikwa ndani ya taswira ya taasisi, baada ya kupima mzigo halisi wa kazi, dokezo hilo halitahitajika.

Linaloniuma zaidi ni siri. Taswira hujengwa kwa matabaka: kila hatua inayobadilisha mafaili huongeza tabaka jipya juu ya yaliyotangulia, na tabaka likishaandikwa halibadiliki tena. Kwa hiyo fundi anayenakili faili lenye nywila ya kanzidata katika hatua moja, kisha akalifuta hatua mbili mbele, hajalifuta. Halionekani kwa anayeingia ndani ya kontena, ila yeyote mwenye taswira mkononi anaweza kulifungua tabaka la chini na kulisoma. Nywila iliyopitishwa kama kigezo wakati wa ujenzi hupatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu amri ya docker history huorodhesha hatua zote. Nimewahi kuketi na mkuu wa kitengo cha TEHAMA wa hospitali moja, tukaiendesha amri hiyo dhidi ya taswira waliyokabidhiwa na mkandarasi wao. Katikati ya orodha, baina ya hatua ya kunakili programu na ile ya kutangaza mlango wa 8080, nywila ya kanzidata ya majalada ya wagonjwa ilikuwa imeandikwa kwa herufi zinazosomeka, na taswira yenyewe ilikuwa kwenye ghala la wazi ambamo mtu yeyote duniani angeweza kuipakua. Hakukuwa na hila yoyote. Aliyeijenga alikuwa na haraka ya kukabidhi mradi, na walioipokea hawakupewa Dockerfile ya kusoma. Nywila ya namna hiyo hupaswa kutolewa wakati wa kuanzisha kontena, kutoka kwenye faili linalotunzwa kwenye seva ya taasisi, na taswira ibaki haina siri yoyote ndani yake.

Pamoja na hilo, taswira rasmi ya Tomcat huendesha seva kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, yaani root, isipoelekezwa vinginevyo. Kwa kuwa keneli ni moja kwa makontena yote, aliyefanikiwa kuvunja programu akiwa na mamlaka hayo yuko karibu zaidi na seva nzima kuliko inavyofaa. Mistari michache ya kuunda mtumiaji wa kawaida, na kumruhusu kuandika katika saraka za kazi, za muda na za kumbukumbu za matukio tu, inatosha kupunguza hatari hiyo.

Suala la ukubwa nalo linatuhusu sisi kuliko wenzetu wenye intaneti ya kasi. Tangu mwaka 2017 Docker inaruhusu ujenzi wa hatua nyingi, ambapo Maven na zana zote za kukusanya msimbo hubaki katika hatua ya kwanza, na kinachohamia kwenye taswira ya mwisho ni programu iliyokamilika pamoja na Java ya kuiendesha. Wengi wanaijua faida hiyo. Wachache huifikiria ile ya kuipanga programu yenyewe kwa matabaka. Faili la WAR, ambalo programu ya mtandao ya Java hufungwa ndani yake, ni zipu tu. Likinakiliwa kama donge moja, basi marekebisho ya neno moja katika fomu ya usajili yatailazimu kila hospitali kupakua upya donge zima la megabaiti 100 au zaidi. Likifunguliwa wakati wa ujenzi, maktaba zilizomo katika saraka ya WEB-INF/lib, ambazo hubadilika kwa nadra, zikawekwa kwenye tabaka lake, na msimbo wa taasisi ukawekwa kwenye tabaka la juu, kituo kitapakua lile tabaka la juu peke yake, ambalo mara nyingi ni megabaiti chache. Kwa kituo kinachotumia modemu ya simu, hiyo ni tofauti kati ya sasisho linaloingia mchana huu na sasisho linaloahirishwa mpaka mwisho wa mwezi.

Vilevile ipo hatari ya kuamini lebo, yaani jina la toleo linalobandikwa kwenye taswira. Anayeandika katika maelekezo yake kwamba msingi ni Tomcat ya lebo ya latest hajataja kitu kimoja, maana lebo huhamishwa kila toleo jipya linapotoka. Tomcat 10 ilibadilisha majina ya vifurushi vya Java kutoka javax kwenda jakarta, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya Tomcat 9 haifanyi kazi juu yake bila kugeuzwa kwanza. Taasisi iliyotegemea lebo inayohama inaweza kulala na mfumo mzima na kuamka na ukurasa wa kosa la 404, bila mtu yeyote ndani ya jengo kugusa chochote zaidi ya kuijenga taswira upya. Taswira hutambuliwa kwa uhakika kwa alama yake ya sha256, ambayo ni mfuatano wa tarakimu na herufi 64 usiobadilika kwa taswira hiyohiyo. Alama hiyo ndiyo iandikwe katika maelekezo, na ibadilishwe kwa uamuzi wa mtu, baada ya majaribio.

Anayedhani haya ni mambo ya nadharia akumbuke Desemba 2021. Udhaifu wa Log4Shell katika maktaba ya Log4j, ambayo programu za Java huitumia kuandika kumbukumbu za matukio, uliopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali wake, ulimruhusu mshambuliaji kuendesha msimbo wake ndani ya seva kwa kutuma tu maandishi ambayo programu ingeyaandika kwenye kumbukumbu zake. Marekebisho yalitoka mfululizo mwezi huohuo: 2.15.0, kisha 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, kwa sababu kila moja lilifuatiwa na kasoro nyingine. Taasisi iliyokuwa na Dockerfile na msimbo wake ilibadilisha namba ya toleo, ikajenga upya, ikajaribu na kusambaza, kila mara. Iliyokuwa na taswira iliyofungwa haikuweza hata kujibu swali la kwanza, kwamba je, maktaba hiyo tunayo au hatuna? Ikabaki kumpigia simu mkandarasi ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha. Leo zipo zana huria kama Trivy zinazoikagua taswira na kutaja kila maktaba yenye udhaifu unaojulikana, lakini ukaguzi una maana kwa yule tu mwenye uwezo wa kujenga upya.

Najua hoja inayotolewa mara zote dhidi ya pendekezo hili: taasisi zetu hazina watu wa kutosha. Sikubaliani nayo kwa upande wa uandishi. Dockerfile ya Tomcat pamoja na programu moja mara nyingi haizidi mistari 40, na kijana mwenye stashahada anayeielewa Linux anaweza kuisoma na kuielewa kwa mchana mmoja. Lakini kwa upande wa utunzaji hoja hiyo ina uzito, na wanaotetea ujenzi wa taswira hawana budi kulisema hili waziwazi. Taswira ya taasisi ikishajengwa haijisasishi. Msingi wake hupokea marekebisho ya usalama kila baada ya muda mfupi, na marekebisho hayo hayaingii mpaka mtu aijenge upya. Taasisi inayojenga taswira yake leo kisha ikaiacha miaka miwili iko pabaya kuliko ile iliyopakua taswira rasmi ikawa inaisasisha kila mwezi. Kwa hiyo kazi ya kujenga upya iwekwe kwenye majukumu ya mtumishi anayejulikana kwa cheo chake, angalau mara moja kwa mwezi na kila udhaifu mkubwa unapotangazwa, na iwe na siku yake katika ratiba kama ilivyo kazi ya kunakili akiba ya data. Halmashauri zisizoweza kumpata mtu huyo zinaweza kushirikiana kimkoa, kwa kuwa mahitaji yao yanafanana karibu yote: majira ni yaleyale, fonti ni zilezile, na mifumo ya afya ni ileile.

Ushirikiano huo ungewezesha pia kuwa na ghala la taswira la hapa nyumbani. Tangu Novemba 2020 Docker Hub iliweka ukomo wa kupakua kwa wasiojitambulisha, ambao ulikuwa mara 100 kwa kila saa 6 kwa anwani moja ya mtandao, na ofisi nyingi zilizo nyuma ya anwani moja hugawana ukomo huo bila kujua. Zito kuliko hilo ni lile lililotokea tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora vibaya. Seva iliyoharibika siku kama hiyo, ikiwa taswira yake iko ng'ambo tu, hairudi kazini hata kama fundi yupo, umeme upo na vipuri vipo. Taswira ikiwa kwenye ghala lililo Dodoma, Dar es Salaam au Nairobi, seva mpya huanzishwa kwa mawasiliano ya ndani ya nchi.

Sheria haikosekani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya inayo yake tangu 2019. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde ipasavyo, na sioni taasisi itakavyodai kuwa inazilinda taarifa za wagonjwa ndani ya furushi isilojua lina nini. Kinachokosekana ni maneno machache katika nyaraka za zabuni.

Naziomba wizara, hospitali, vyuo na halmashauri zote zinazotangaza zabuni za mifumo ya mtandao ziandike kwamba mkandarasi atakabidhi Dockerfile, msimbo wa programu na orodha ya maktaba zote pamoja na matoleo yake, na kwamba makabidhiano yatafanyika kwa vitendo mbele ya watumishi wa taasisi. Mashine isiyo na kitu iwekwe mezani, ikiwa imekatwa kwenye intaneti na kuunganishwa na ghala la taasisi tu. Mtumishi wa taasisi, na si fundi wa mkandarasi, aijenge taswira kutoka kwenye maelekezo aliyokabidhiwa, aanzishe kontena, aingize nywila ya majaribio, asajili mgonjwa wa mfano, achape ripoti na kusoma tarehe na saa iliyo juu yake. Yasipokamilika hayo yote, malipo ya mwisho yasitolewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza mifumo ya TEHAMA,
Morogoro